Bangkok: Arusi Peke Yake Si Ndoa

Mji wa Bangkok umelala kando ya Mto Chao Phraya, na hata leo sehemu kubwa ya maisha ya watu wake hufuata maji. Msafiri apandaye mashua ya abiria na kushuka katika gati la Sathorn, kisha akaifuata barabara ya Charoen Krung, haendi mbali kabla ya kuingia Bang Rak, mojawapo ya wilaya 50 za mji mkuu huo wa Thailand. Barabara hiyo ilijengwa katika miaka ya 1860, enzi ya Mfalme Mongkut, nao Wathai huihesabu kuwa barabara ya kwanza ya kisasa mjini mwao. Kandokando yake dini zimekaa kama majirani wema. Lipo Kanisa Kuu la Kikatoliki la Assumption. Si mbali nalo upo Msikiti wa Haroon. Na katika barabara ya Silom limesimama hekalu la Wahindu ambalo mnara wake umejaa sanamu za kila rangi.

Bang Rak pia ni mtaa wa vito. Maduka na ofisi za wanunuzi wa mawe ya thamani zimesongamana humo, na kwa mtu wa Afrika Mashariki jambo hilo si geni, kwa kuwa baadhi ya mawe yachimbwayo kwetu, tanzanite ya Mererani ikiwamo, hupita katika mikono ya wafanyabiashara wa Thailand. Biashara huzaa safari, safari huzaa kujuana, na kujuana mara nyingine huishia katika posa. Makala haya yanahusu posa hiyo, na hasa yale yapasayo kufuata baada yake.

Katika barabara ya Naret ipo Ofisi ya Wilaya ya Bang Rak. Kwa siku za kawaida ni ofisi ya serikali kama zilivyo nyingine: watu hungoja zamu zao, huyu ameleta habari ya mtoto aliyezaliwa, yule amepotelewa na kitambulisho. Lakini jina la wilaya limeipatia ofisi hii sifa ya pekee. Bang kwa Kithai ni makazi yaliyo kando ya maji, na rak hutamkwa sawasawa na neno lenye maana ya upendo. Wapo waelezao kwamba jina lilitokana na mti uitwao rak, lakini wachumba hawajishughulishi na mti. Kila tarehe 14 Februari hujipanga foleni tangu alfajiri, wengine wakiwa wamevaa mavazi ya arusi, ili majina yao yaandikwe katika daftari la wilaya ya upendo.

Mgeni aionaye foleni ile aweza kudhani ni mapambo tu. La hasha. Kifungu cha 1457 cha Sheria ya Madai na Biashara ya Thailand chasema kwa ufupi kwamba ndoa hupatikana kwa kusajiliwa tu. Maana yake ni kwamba daftari halitumiki kuthibitisha ndoa iliyokwisha kufungwa mahali pengine mjini. Daftari ndilo linaloifunga.

Ili kuuona uzito wa jambo hili, yafaa kwanza kuitazama arusi ya Kithai yenyewe. Bwana arusi huja na msafara wa jamaa na marafiki, kwa ngoma na vifijo, wakibeba vyombo vya zawadi. Mbele ya wazee huhesabiwa sin sot, mali anayotoa mwanamume kwa wazazi wa mchumba wake, ambayo sisi tungeiita mahari bila kusita. Watawa wa Kibuddha huomba na kupewa chakula. Kisha wawili hao hupiga magoti, vichwa vyao vimeunganishwa kwa uzi mweupe uliobarikiwa, na mmoja mmoja, kuanzia wazee, wageni huwamiminia mikononi maji kutoka katika kombe la pwani. Ni arusi yenye heshima na machozi. Lakini jua likichwa, kama hawakwenda ofisi ya wilaya, machoni pa sheria watu hao wawili hawajaoana.

Hapa ndipo wengi wetu tungeteleza. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imewapa viongozi wa dini wenye leseni uwezo wa kufungisha ndoa na kuiandikisha. Padri hufungisha kanisani, sheikh huozesha msikitini, na hapo hapo karatasi hutiwa saini. Arusi na daftari kwetu huja pamoja, wala ndoa halali haibatiliki kwa sababu tu haikuandikishwa. Tena, mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana na majirani kuwa mume na mke, sheria yetu yaweza kuwadhania kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliyekulia katika mazoea hayo, akifunga nikahi katika msikiti wa Bangkok au akibarikiwa katika kanisa la Charoen Krung, atarudi nyumbani kwake akiamini kwamba yote yamekwisha. Kwa Mungu yamkini yamekwisha. Kwa wilaya hayajaanza. Mikoa minne ya kusini, yaani Pattani, Yala, Narathiwat na Satun, ina sheria ya mwaka 1946 inayoruhusu mashauri ya familia na mirathi ya Waislamu kuamuliwa kwa sheria ya Kiislamu. Bangkok haimo katika hiyo.

Hasara ya kukosa daftari haionekani siku za furaha. Huonekana siku ya msiba na siku ya ugomvi. Mwenzi asiyesajiliwa si mrithi kwa sheria ya Thailand, hata kama alimuuguza marehemu miaka 20. Mali waliyoichuma pamoja haihesabiwi kuwa mali ya ndoa, ambayo wakati wa talaka hugawanywa sawa kwa sawa; itambidi aende mahakamani kuonyesha jasho lake liko wapi. Na mtoto aliyezaliwa na wazazi wasiosajiliwa, kwa sheria hiyo, ni mtoto halali wa mama yake. Baba hupata haki juu yake kwa kumwoa mama kisheria, au kwa kusajili kwamba mtoto ni wake, au kwa hukumu ya mahakama. Baba atokaye ng'ambo, anayemlea mwanawe kila siku, aweza kugundua siku ya mgogoro kwamba mbele ya serikali yeye ni mpita njia.

Basi njia yenyewe ikoje? Hatua ya kwanza humpeleka mgeni katika ubalozi wa nchi yake, akapate hati inayothibitisha kwamba yu huru kuoa au kuolewa. Si kila nchi ina ubalozi Bangkok. Kenya inao, asiye na ubalozi mjini humo hana budi kuwasiliana na ubalozi wa nchi yake ulio katika nchi nyingine, na ni vema aanze mapema, kabla ya kukata tiketi. Aliyewahi kuoa lazima aonyeshe hati ya talaka au ya kifo. Karatasi hizo hutafsiriwa kwa Kithai, kisha hupelekwa Idara ya Mambo ya Kibalozi, iliyo barabara ya Chaeng Watthana kaskazini mwa mji, zikathibitishwe kwa mhuri. Hapo ndipo wachumba huenda ofisi ya wilaya na pasipoti, kitambulisho cha mwenzi Mthai, mashahidi wawili, na mkalimani ikiwa mgeni hajui lugha.

Mbele ya Msajili jambo moja ni la lazima kuliko karatasi zote: wawili hao wakiri hadharani, kwa hiari yao, kwamba wanakubaliana kuwa mume na mke, na ukiri huo uandikwe. Wakiwa na mapatano juu ya mali, kila mmoja abaki na yake, mapatano hayo nayo yaingizwe katika daftari wakati huo huo, kwani yasipoingizwa ni batili. Kisha kila mmoja hukabidhiwa nakala yake ya cheti kiitwacho Kor Ror 3. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2005, mke halazimiki kuchukua jina la ukoo wa mume, hupatana wenyewe.

Vipo vizuizi vya kuangaliwa. Mwenye mke hawezi kuandikisha wa pili. Sheria ya Tanzania yaitambua ndoa ya wake wengi, lakini ile ya Thailand haimruhusu aliye katika ndoa kuingia katika nyingine, na ndoa ya namna hiyo ni batili. Afichaye mke aliyemwacha Tanga humdanganya Msajili, na zaidi humwibia mwanamke wa pili haki ambayo hatajua kuwa hana mpaka siku aihitajipo. Mwanamke aliyeachika au kufiwa, akitaka kuolewa na mwanamume mwingine, kwa kawaida hungoja siku 310, isipokuwa amejifungua katika muda huo, au ana cheti cha daktari kwamba si mjamzito, au amepata amri ya mahakama. Umri ulikuwa miaka 17. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 iliupandisha kuwa 18, na hiyo ndiyo iliyowaruhusu pia watu wa jinsia moja kuoana nchini humo.

Wengine huona heri kufunga ndoa huku kwetu. Hilo nalo lawezekana, kwa sababu kifungu cha 1459 chaitambua ndoa ya Mthai iliyofungwa ng'ambo kwa taratibu za nchi ilikofungwa. Mwenzi Mthai hupaswa kuja na hati ya wilaya yake inayoonyesha kwamba hana ndoa, na Tanzania Bara taarifa ya kusudio la kuoana hutolewa siku 21 kabla. Lakini kazi haiishii hapo. Madaftari ya Thailand yataendelea kumwonyesha Mthai huyo kuwa hana mwenzi mpaka cheti kithibitishwe, kitafsiriwe kwa Kithai na kuandikwa wilayani kwake katika kumbukumbu iitwayo Kor Ror 22. Ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi ndio wa kuuliziwa kwanza.

Upande wetu, Sheria ya Ndoa huikubali ndoa iliyofungwa nje ikiwa imefuata taratibu za nchi hiyo na wahusika walikuwa na sifa na hiari ya kuoana. Arudiye na mwenzi wake aje basi na cheti kilichotafsiriwa na kuthibitishwa, wala asistuke akiona mwaka wa ajabu. Wathai huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibuddha, iliyotangulia yetu kwa miaka 543. Ndoa ya mwaka 2025 kwao ni ya mwaka 2568. Mfasiri asiyelijua hilo aweza kumwoza mtu karne tano na nusu zijazo.

Usajili wenyewe ofisini haulipiwi ada; gharama ni za tafsiri, mihuri na nauli. Ukilinganisha na fedha zimwagwazo katika karamu ya arusi ya siku moja, ni kidogo mno. Ndugu msomaji uliye na kaka, dada au mwana aliyepata mchumba huko, mwandikie leo. Usimwulize kwanza wageni walikuwa wangapi, au sin sot ilikuwa kiasi gani. Mwulize kama cheti anacho, na kama nakala ya pili iko mkononi mwa mwenzake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya mjane na yatima hupotea vivyo hivyo.