Deni Halifi na Ngamia

Ushuhuda huu nautoa kwa ajili ya mwanafunzi wa sheria aliyelelewa katika boma la wafugaji, ambaye anaanza kuamini kwamba somo la dhamana za mikopo ni la watoto wa wenye majumba. Mimi nimezaliwa Banissa, kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Somo hilo nililisoma wakati ukame ulipokuwa ukiimaliza mifugo ya baba yangu. Nililimaliza, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyenivusha.

Njia ilikuwa na miiba tangu mwanzo. Niliingia kidato cha kwanza mwaka 2014. Novemba mwaka huo, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilivamiwa na abiria 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Aprili 2015 chuo kikuu cha Garissa kikashambuliwa na watu 148 wakapoteza maisha. Walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka Kaskazini Mashariki, na hakuna aliyeweza kuwalaumu. Sisi tuliobaki tulisomeshana: aliyeelewa hesabu alishika chaki, aliyeelewa Kiingereza akaipokea. Nilipoitwa chuo kikuu kusomea sheria, baba aliuza ngamia, nami nikajazia kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na basari ya eneobunge.

Sehemu ya kwanza ya somo la dhamana ilihusu ardhi. Tulifundishwa kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji humpa notisi ya miezi isiyopungua 3 arekebishe mambo, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Mifano yote ilikuwa ya ploti na nyumba za kupangisha. Kwetu malisho ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inayatambua hivyo. Hakuna baba wa Banissa anayeweza kuingia benki na hatimiliki ya mbuga mfukoni. Nilikariri vifungu, lakini sikuona mahali pa watu wangu ndani yake.

Wakati huohuo mvua ilikuwa imegoma. Misimu 5 ilipita mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, bila mvua ya maana, na katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mama alikuwa akinipigia simu na kunitajia ngamia walioanguka, kila mmoja kwa jina lake, kama mtu anayetoa habari za msiba. Karo ilikwama. Chumba nilikihama, nikawa nalala kwa wenzangu, na mlo ukawa mmoja kwa siku. Niliandika barua ya kuomba kuahirisha masomo.

Kabla sijaipeleka, mhadhiri alianza kutufundisha Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika, namba 13 ya 2017. Alitusomea orodha ya mali zinazoweza kuwekwa dhamana: magari, mazao, mitambo, mifugo. Aliposema mifugo niliinua kichwa. Sheria ya nchi ilikuwa inasema waziwazi kwamba alichonacho baba yangu ni mali ya kukopea. Barua ile sikuipeleka.

Tangu siku hiyo kila kifungu nilikipitisha kwenye zizi la nyumbani. Sheria inataka mkataba uwe wa maandishi, utiwe saini, na ueleze mali kwa namna itakayotambulika. Mwenzangu mmoja kutoka Kisii aliuliza: ngamia atatambulikaje kati ya ngamia mia? Nilikwenda ubaoni nikachora alama ya ukoo inayochomwa kwa chuma cha moto shingoni, nikaonyesha sikio linavyochanjwa, kisha nikaandika rangi, umri na kama ni jike au dume. Darasa zima lilinakili. Tukaendelea na usajili: mkopeshaji huweka notisi katika daftari la dhamana la kielektroniki, ambalo yeyote anaweza kulipekua, na kwa kawaida aliyetangulia kusajili ndiye anayetangulia kulipwa. Ngamia akiuzwa, haki ya mkopeshaji huenea hadi kwenye fedha zilizopatikana. Na akifa? Dhamana imekwenda, deni limebaki.

Jibu hilo lilinichoma moyo, maana ndilo lililokuwa likitokea nyumbani. Baba alikuwa amechukua unga, sukari na nyasi za mifugo kwa mkopo dukani, akaahidi mbuzi kwa mdomo. Mbuzi wakafa. Mwenye duka akataja kiasi kimoja, baba akataja kingine, na watu wawili waliozikiana ndugu wakaacha kusalimiana.

Nilipokwenda likizo, wazee waliketi na baba na mwenye duka, na mimi nikaombwa kushika kalamu. Mzee mmoja alikumbusha kwamba aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Kurani, inaamuru deni liandikwe na mashahidi wawepo. Nikaandika katika daftari la shule: gunia moja moja, bunda moja moja la nyasi, na kila kilicholipwa. Kila kitu kilipotajwa kwa zamu, tofauti ilipungua hadi ikawa ndogo, na kila upande ukaachia kidogo. Wakakubaliana deni lilipwe kidogo kidogo mvua ikirudi. Baba akaweka dole gumba, mashahidi wakafuata. Jioni hiyo mwenye duka alimpimia mama unga.

Nilirudi chuoni na mchango wa ukoo, uliotolewa na watu ambao wenyewe walikuwa wamefiwa na mifugo. Mtihani niliufanya na nikafaulu. Leo mimi ni wakili, na mikataba ya dhamana ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Najua sheria peke yake haitoshi. Mkopeshaji anaogopa dhamana inayoweza kufa kwa kiu, na ana haki ya kuogopa. Ndiyo maana bima ya mifugo, ambayo serikali iliianzisha mwaka 2015 Wajir na Turkana na ambayo hupima hali ya malisho kwa picha za setilaiti, inapaswa kwenda bega kwa bega na mikopo. Wala katazo la riba katika Uislamu lisiwe kisingizio: benki za Kiislamu zilizoanza kazi nchini mwaka 2008 huuza bidhaa kwa malipo ya baadaye, na dhamana hulinda bei hiyo vilevile.

Wewe unayelisoma somo hili sasa na karo haijatimia, usiliache. Chukua kila kifungu ukipeleke nyumbani, ukipime kwa mbuzi, kwa duka la kijijini, kwa ahadi za mdomo unazozijua. Ukikwama, waulize wenzako na uwafundishe unachokijua wewe. Kisha ukienda likizo, beba kalamu na daftari. Wapo wazee wanaodaiana, na wewe ndiye uliyesomeshwa kuwaandikia.