Koili ya Buluu

Volkswagen Beetle ina koili moja tu. Imefungwa kwenye bati la feni, huko nyuma kwenye injini, ambako joto halipungui, na kazi yake ni kupokea volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu ili plagi zipige cheche. Ikifa, gari halina ujanja. Baba aliponunua Beetle yetu kwa mkulima wa kahawa wa Ruiru, miaka ya 70 ikiyoyoma, koili ilikuwa kitu cha kumtuma mtoto dukani.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa, huko Thika. Thika wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa mji wa magari. Kiwanda cha Leyland kilichojengwa katikati ya miaka hiyo ya 70 kiliunganisha Land Rover na Kombi za Volkswagen, na wafanyakazi waliotoka zamu jioni hawakuacha kazi getini: walibishana kuhusu klachi na giaboksi mpaka Makongeni. Sifa za Beetle wazee walizijua kwa kichwa. Tommy Fjastad alikuwa ameshinda Safari Rally ya 1962 akiendesha moja, na kwa mtu aliyeipanda njia ya Gatundu wakati wa mvua, ushindi huo haukuwa muujiza.

Dukani, mzee wa Kihindi aliyesimama nyuma ya kaunta hakuwahi kuniuliza bei ninayotaka. Aliuliza mwaka wa gari. Kisha aliuliza, “Volti 6 au 12?” Swali hilo lilikuwa na maana, kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 60 Volkswagen walikuwa wakihamia volti 12 na mjini zilikuwepo gari za aina zote mbili. Alifungua katalogi nene yenye kurasa zilizojaa alama za vidole vya grisi, akashusha kidole hadi kwenye namba, akapanda ngazi. Aliporudi na boksi, mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyepima chochote.

Kiwanda cha Leyland kikabadilishwa jina kuwa KVM mwaka 1989. Miaka michache baadaye serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika. Siwezi kuyalaumu, hata mimi nina Probox ya kazi. Ila rafu za speya zilibadilika upesi kuliko barabara zenyewe. Mwenye duka mpya alijaza vitu vya Toyota na Nissan, kwa sababu ndivyo vilivyouzwa, na katalogi ile sikuiona tena. Hapo ndipo nilipoanza kusikia kauli ambayo mpaka leo hunikera: “Koili ni koili.”

Si kweli. Kwa macho, mikebe yote inafanana: duara, shingo nyeusi ya plastiki juu, nyaya mbili ndogo na moja nene. Tofauti imo ndani, kwenye waya uliozungushwa. Koili ya Beetle ya volti 12 ina ukinzani wa ohm 3 na kitu, kwa hiyo inakula ampea kama 4 hivi pointi za distributa zikiwa zimefunga. Lakini zipo nyingine za ohm 1.5 hivi, zilizotengenezewa magari yenye rezista kwenye waya wa koili. Ile rezista ndiyo inayozipunguzia umeme. Ichukue koili ya namna hiyo uifunge kwenye Beetle isiyo na rezista: inakula karibu ampea 8. Asubuhi gari litawaka vizuri ajabu, pengine kuliko jana. Pointi zinaungua na kuwa nyeusi kidogo kidogo, koili inachemka, na ukifika Juja, kimya. Ukikaa kando ya barabara mpaka ipoe, inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tabia hiyo iliwapumbaza mafundi wengi. Kabureta ilifunguliwa mara kadha wa kadha bila hatia yoyote. Pampu ya mafuta ikashukiwa, petroli ikasingiziwa maji. Zamani kuzimikiwa kulivumilika, ulisukuma gari pembeni ukanunua hindi la kuchoma huku ukingoja. Tangu Rais Kibaki alipofungua barabara kuu mpya ya Thika, Novemba 2012, kuzimikiwa katikati ya leni hizo zote, matatu zikikupita kila upande, ni habari nyingine kabisa.

Wenye Beetle duniani kote wanaijua koili ya Bosch ya buluu, namba 0 221 119 027. Kwa bahati mbaya wanaoghushi nao wanaijua. Duka moja, ambalo sitalitaja, liliniletea mkebe wa buluu ndani ya boksi zuri. Nilikwaruza jina kwa ukucha, likatoka lote kama stika ya daftari. Nilipoweka mita, ikasoma ohm 1.6. Muuzaji alisema mita yangu ndiyo mbovu.

Siku hizi natafuta koili Ruiru, upande wa baipasi, kwa vijana wanaouza speya za magari yaliyokatwakatwa. Ukiuliza koili wanakujibu, “Ya Vitz ama ya Probox, mzee?” Wana haki: kwenye gari hizo kila plagi ina koili yake juu ya kichwa, na distributa hakuna. Lakini kijana mmoja wao alisikia neno Volkswagen, akainama chini ya meza, akatoa mkebe wa buluu uliofifia, wa Kombi, akaufuta kwa kitambaa.

Nilimwambia asiniambie bei kwanza. Nikagusanisha ncha za mita, zikasoma 0.3, maana hata nyaya za mita zina ukinzani wake. Kisha ncha moja kwenye 15, nyingine kwenye 1, maandishi yaliyopigwa chapa kando ya terminali. 3.7. Ukitoa 0.3, inabaki 3.4. Tukaiangalia shingoni kama mafuta yamevuja, pakavu. Tukaiunganisha na betri mpaka mkono ukashindwa kuishika, tukapima tena: imepanda kidogo, kama waya wa shaba unavyopaswa ukipata moto, na haikukatika. Koili inayokufa hujificha ikiwa baridi, kwa hiyo kipimo cha moto ndicho ninachokiamini. Wateja wa Vitz walikuwa wamesimama wakitutazama, mmoja anarekodi kwa simu.

Kijana alitaka kujua namba zile nilizitoa wapi. Nikamchorea pale pale nyuma ya risiti: betri, swichi, koili, pointi. Wiki iliyofuata alinipigia simu. Ameona kifaa cha kielektroniki kinachoingia ndani ya distributa mahali pa pointi, na anataka kukiagizia Beetle yangu. Nimemwambia asiagize mpaka asome kifaa hicho kinataka koili ya ohm ngapi. Amenitumia picha ya karatasi ya maelekezo. Imeandikwa 3.0 au zaidi, na sasa tunabishana ni nani atakayekilipia.