Riwaya Iliyonichelewesha Kuhukumu

Shuleni tulizoea kuipasua riwaya mapande mawili: fani huku, maudhui kule. Kwenye maudhui tuliorodhesha dhamira na ujumbe. Kwenye fani tulihesabu methali, tashibiha na takriri. Mtihani ukiuliza mwandishi anaifunza nini jamii, jibu lilikuwa tayari daftarini. Kwa kipimo hicho, hakuna iliyoishinda Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Majina ya wahusika yenyewe yalikwisha kutoa hukumu: Adili ni mwema, nduguze Hasidi na Mwivu ni waovu. Niliipenda kwa dhati, nikaamini kwamba riwaya njema ni ile inayomwonyesha mkosaji waziwazi.

Imani hiyo ililegezwa na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Kitabu hicho cha mwaka 1971 kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, kisha miaka ya baadaye kikafundishwa humo humo. Darasani tulikimaliza kwa sentensi moja: malezi ya ukali huharibu watoto. Ni kweli, lakini sentensi hiyo ingetosha kuandikwa kwenye bango, Rosa asihitajike kabisa.

Nilikisoma tena nikiwa mzazi, bila mtihani mbele yangu. Nilimfuata Rosa kuanzia Namagondo, kisiwani Ukerewe, ambako baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Nikaenda naye hadi chuo cha ualimu Morogoro, ambako msichana aliyekatazwa hata kuzungumza na wavulana anajikuta hana wa kumkataza lolote. Kila hatua inazaliwa na ile iliyotangulia. Nilipofika kwenye anguko lake, hukumu ambayo kijiji kingeitoa kwa neno moja ilikuwa imenishinda kutamka. Mpangilio wa visa ndio uliofanya kazi hiyo. Ukiuvuruga, huruma nayo inatoweka. Basi fani na maudhui havikuwa mapande mawili tangu mwanzo.

Nikamrudia Shaaban Robert kwa jicho hilo. Kilichokuwa kimekaa moyoni mwangu miaka yote hiyo ni Adili akiwachapa kila usiku manyani wawili, ambao ni nduguze wa damu waliogeuzwa manyani baada ya kumtendea ubaya, na moyo ukimwuma. Adhabu imestahili, na bado inamtesa anayeitoa. Onyo dhidi ya husuda ningelipata popote. Uchungu huo niliupata humo tu.

Siku hizi kijana akiniuliza riwaya ina faida gani, namwuliza kwanza: ni mhusika gani uliyemchukia mwanzoni, ukashindwa kumchukia mwishoni? Mawaidha tunayo tele misikitini, makanisani na vibarazani. Riwaya hutukalisha siku kadhaa na mtu ambaye njiani tungempita, na ni ufundi wa msimulizi unaotuzuia tusiondoke kabla hatujamsikiliza. Anayejifunza kusikiliza hivyo atakuwa mzazi, jirani na hakimu mwenye haki zaidi.