Tufundishe Kwanza Kusimama

Njia ya kijijini kwetu yateremka kama paa la nyumba. Mwaka jana nalimnunulia mwanangu wa kwanza baisikeli, nikampandisha juu kilimani, nikamwambia, "Haya, nenda, uwe mwanamume!" Sikumwonyesha kwanza jinsi ya kusimama. Akaishia mtaroni, mkono umevunjika. Nami, badala ya kumwonea huruma, nikamgombeza mbele ya watu. Mkono ulipona, lakini baisikeli hakuigusa tena, wala hakuniomba nimfundishe neno lo lote.

Jambo hilo lilinichoma moyo niliposoma habari za Hannes Schneider, mwalimu wa skii. Skii ni mbao mbili ndefu ambazo watu wa nchi za baridi hujifunga miguuni, wakateleza juu ya theluji mlimani. Alizaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Stuben, milimani kwa Waaustria. Mwaka 1907, angali kijana wa miaka 17, alianza kuwafundisha wageni wa hoteli moja huko St. Anton.

Mwalimu huyu hakuanza na mbio. Aliwagawa wanafunzi madarasa kadiri ya uwezo wao. Wa darasa la kwanza walijifunza kukutanisha ncha za mbele za skii na kupanua za nyuma, hata mbao zikwaruze theluji na mwendo upungue. Hiyo ndiyo breki yao. Asiyeiweza hakupandishwa darasa. Baadaye ndipo walipojifunza kugeuka, polepole kwanza, kisha kwa kasi. Hivyo hata waoga walifaulu. Wenye mbio nao hawakusahauliwa: mwaka 1928 yeye na Mwingereza Arnold Lunn walianzisha mashindano ya Arlberg-Kandahar.

Mwezi wa Machi 1938 Hitler aliitwaa Austria. Schneider hakupatana na Wanazi, wakamtia kifungoni, akanyang'anywa shule yake. Lakini Harvey Gibson, mkuu wa benki moja ya New York, alimwombea ruhusa ya kuondoka. Mwaka 1939 alifika North Conway, Marekani, pamoja na mkewe na watoto. Mwanafunzi wake Benno Rybizka alikuwa amekwisha kutangulia kufundisha upande ule. Watoto wa shule wakampokea kwa kuinua fimbo zao za skii, naye na jamaa yake wakapita chini yake kama mlangoni. Alifundisha huko, na huko akafa mwaka 1955.

Nalijiuliza: je, mimi nikifukuzwa kwangu, mwanangu ataniinulia fimbo, au atanigeuzia kisogo?

Basi jioni ile nalimwita. "Mwanangu, siku ile kosa lilikuwa langu, si lako." Akanyamaza kitambo, akitazama chini. Kisha akauliza, "Baba, breki ya nyuma ndiyo ipi?"

Wazazi wenzangu, tulianzia uani, mahali tambarare. Kilima kitatungoja.