Majengo ya Nairobi na Filamu Iliyosahauliwa

Mtu wa Pwani akiingia mitaa ya mashariki mwa Nairobi hujihisi kana kwamba amewahi kufika. Majina yenyewe yanamlaki: Majengo, Makadara, Ziwani, Kaloleni. Pale Pumwani, mtaa ulioanza miaka ya 1920, upo Msikiti wa Riyadha, na jina hilo mwenyeji wa Lamu hahitaji kufafanuliwa. Vichochoroni zingalipo nyumba za Kiswahili, kuta za udongo na paa la mabati, ukumbi katikati na vyumba huku na huku.

Safari yangu ilikuwa ya kuulizia sinema. Sikukusudia majumba ya katikati ya mji, ambayo wengi wa mitaa hii hawakuyamudu, bali ile sinema ya gari. Gari likipita alasiri likitangaza kwa kipaza sauti, na giza likiingia, watu hujaa uwanjani. Kitambaa cheupe hutandazwa, tangazo la sabuni hutangulia, kisha picha ya Kihindi au ya wapigana karate. Waliochelewa waliketi nyuma ya kitambaa, wakatazama maandishi kinyumenyume. Mama mmoja aliyekulia Majengo, sasa mwenye wajukuu, alinieleza jinsi bibi yake alivyomkalisha mkekani kutazama "Mother India", filamu ya mwaka 1957. Hadi leo akifika pale mama anapompiga risasi mwanawe wa kumzaa ili kuilinda heshima ya binti wa watu, hushusha sauti.

Filamu za kwetu hazikupata bahati hiyo. Chukueni "Saikati" ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Anne Mungai, ambaye mara nyingi hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuongoza filamu ndefu. Binti wa Kimaasai anataka kusoma. Wazee wamekwisha mposa kwa mwana wa chifu. Anatorokea Nairobi na binamu yake, na huko anagundua kwamba kazi ya binamu ni kuuza mwili. Mwendo wake ni wa polepole, na vijana waliozoea mbio za siku hizi watalalamika. Hata hivyo naipendekeza kwa kila nyumba yenye binti, kwa kuwa suala la posa na shule halijaisha, wala si la Wamaasai peke yao.

Nina neno moja nalo. Filamu hii, kama hadithi nyingi za Nairobi, humwonyesha mwanamke aliyeingia mjini peke yake kama aliyekwisha potea. Majengo ina habari nyingine. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza habari za wanawake wa Pangani ya Nairobi, kabla haijabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wa Pumwani, waliojenga nyumba zao wenyewe na kupangisha vyumba. Wengi walisilimu. Baadhi walizipata fedha hizo kwa njia ile ile ya yule binamu, na mwandishi hakulificha hilo, nasi hatuna sababu ya kulificha. Lakini kodi ya vyumba ikawa riziki ya uzeeni, na wasiokuwa na watoto waliweka warithi wa kuchagua wenyewe. Waliokuja mjini bila jamaa wakajiundia jamaa, katika mji ambao serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mpita njia tu. Filamu ya hao sijaiona bado.

Nilipomsimulia yule mama kisa cha Saikati, ambacho hakuwahi kukisikia, alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. Hakuuliza kama binti aliolewa. Aliuliza kama yule binamu, kwa fedha zote hizo, alijaaliwa kujenga hata chumba kimoja.