Maandishi ya Sufu

Msomaji, mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kufundisha watu kusoma, na kwa sababu hiyo napenda kila kitu kisomekacho, hata kama hakikuandikwa kwa wino. Leo nataka kukuonyesha maandishi yasiyo na herufi.

Katika nchi ya Estonia, kaskazini ya Ulaya, kuna kisiwa kiitwacho Kihnu. Kimo katika Ghuba ya Riga, kwenye Bahari ya Baltiki. Ni kisiwa kidogo: urefu wake ni kama kilomita 7, na wakazi wake ni mamia machache tu. Katika baridi kali bahari huganda, na barafu ikiwa nene, watu hupita juu yake mpaka bara.

Tangu zamani wanaume wa Kihnu walikwenda baharini kuvua samaki na kuwinda sili, wakakawia huko siku nyingi. Nyumbani walibaki wanawake. Wao ndio waliolima, waliofuga kondoo, waliolea watoto na kutunza desturi. Katika usiku mrefu wa baridi mikono yao haikulala. Walisokota sufu, wakaitia rangi, wakafuma glavu, soksi, na sketi ya milia iitwayo kört.

Katika sketi hiyo ndimo yalimo maandishi. Sketi ya msichana ni nyekundu, kwani nyekundu ni rangi ya ujana na furaha. Mwanamke akifiwa huvaa rangi za giza. Huzuni ikipungua, milia myekundu hurudi kidogo kidogo, sketi baada ya sketi. Jirani amwonaye njiani hana haja ya kuuliza. Ajua kama anastahili pole au mzaha. Adabu iliyoje hiyo!

Mwaka 1940 Estonia ilitwaliwa na Umoja wa Kisovieti, ikapata tena uhuru wake mwaka 1991. Tawala zilipita, ufumaji ulibaki. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza utamaduni wa Kihnu katika orodha ya urithi wa wanadamu. Hiyo ni heshima kubwa, lakini orodha haisokoti uzi. Vijana huvuka kwenda bara kutafuta elimu na kazi, na si wote warudio. Binti asiyejua kufuma aweza kurithi sketi ya mama yake, lakini hatakuwa na njia ya kuandika huzuni yake mwenyewe, wala furaha yake.

Kitabu kikichakaa, kingine hupigwa chapa. Maandishi ya sufu hayana mtambo. Hutoka katika mikono ya ajuaye, yakaingia katika mikono ya afundishwaye. Basi, kijana, ukimwona mzee wako akifanya kazi ya mikono, usisimame kutazama tu. Keti karibu naye, uombe nawe kushika uzi.