Kujigeuza Nyuzi 30

Udongo mweupe wa vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ni kaolini: aluminiamu na oksijeni zilizofungamana na silika. Aluminiamu na oksijeni zikibaki peke yake na kujipanga safu kwa safu, tunapata yakuti samawi. Na juu ya bamba la yakuti ndipo watafiti wengi huotesha utando wa oksidi ya zinki, mwembamba mara mia kadhaa kuliko unywele.

Nafundisha fizikia Kibaha, na sina somo ninalolipenda kama hili. Ndani ya chemba iliyonyonywa hewa, atomi huangukia bamba moja moja. Bamba likiwa baridi, au atomi zikimwagwa kwa pupa, kila moja huganda ilipoangukia, mpangilio ukavurugika. Bamba likipashwa mamia ya nyuzijoto, atomi hupata nguvu ya kutembea. Hutangatanga hadi zikute ukingo wa safu iliyokwisha kuanza, zikajishikiza hapo.

Lakini nafasi kati ya atomi za yakuti na kati ya zile za oksidi ya zinki hazilingani. Zikikaa ana kwa ana, tofauti ni kama asilimia 32. Basi fuwele hujigeuza nyuzi 30, na tofauti hushuka hadi kama 18. Bado ni kubwa mno. Iliyobaki humalizwa palepale mpakani: safu 5 au 6 za utando hukalia 6 au 7 za bamba, kisha pana kasoro, kisha safu nyingine tena. Juu ya kasoro hizo fuwele hukua vizuri, na ni oksidi ya zinki ileile, haikugeuka yakuti. Utando unaolazimishwa kubeba mkazo wote huku ukinenepa, mwishowe huweza kupasuka.

Nikifika hapo huwawaza watoto wanaokuja bweni kutoka Maneromango na Mzenga. Wapo walimu wanaotaka wafanane na wenzao ndani ya wiki moja: lafudhi, mwendo, hata namna ya kucheka. Siafiki kabisa. Mtoto atajigeuza panapobidi. Ataizoea kengele, atamzoea kiranja. Pasipolingana pataumia, na maumivu hayo ya mwanzoni si dalili kwamba shule imemkataa.

Kwa hiyo Januari siwapi kidato cha kwanza jaribio la kuandika. Nawauliza kwa mdomo, kila mmoja anijibu kwa maneno ya kwao, bila haraka. Anayelia usiku nampa simu yangu aongee na mama yake.